Somo: Mechi ikikwama, pima nyumba yako kabla ya kumpigia mtoa huduma

Filamu inacheza bila shida, lakini mechi ya moja kwa moja ikianza picha inaganda, inazunguka, inarudi, inaganda tena. Filamu huwa tayari iko kwenye seva, kwa hiyo programu hupakua mbele ya pale unapotazama, na mtandao ukiyumba kidogo hutajua. Bao ambalo halijafungwa haliwezi kupakuliwa. Akiba ya matangazo ya moja kwa moja ni sekunde chache tu, hivyo mtandao ukiyumba, unaona papo hapo. Tunachotafuta hapa ni mtandao uliotulia, si kasi peke yake.

Hatua ya 1. Pima saa ile ile tatizo linapotokea. Kupima saa nne asubuhi, ploti nzima ikiwa imeenda kazini, ni kujidanganya. Simama kando ya televisheni na simu iliyo kwenye waifai hiyo hiyo, ufungue fast.com, tovuti inayopima kasi ya mtandao. Netflix hupendekeza megabiti 5 kwa sekunde kwa picha ya 1080p (HD kamili) na 15 kwa 4K, iliyo kali zaidi. Kwa mpira weka nafasi ya ziada, na ukumbuke kuna wengine nyumbani. Simu moja ikianza kupandisha picha zake zote mtandaoni inaweza kuwakaba nyote.

Hatua ya 2. Chomeka waya. Hatua hii ndiyo inayoamua kesi, na ndiyo watu wanaipuuza. Toa waya wa mtandao kwenye ruta, hata kama utapita katikati ya sebule jioni moja, uuchomeke kwenye televisheni na uzime waifai ya televisheni hiyo. Mechi ikitulia, laini yako ni nzima na mgonjwa ni waifai. Nenda hatua ya 3. Ikiendelea kukwama, nenda hatua ya 4. Tundu la mtandao la televisheni nyingi huishia megabiti 100 kwa sekunde. Lisikusumbue, zinatosha na kubaki.

Kama una kompyuta, ichomeke kwa waya pia, fungua dirisha la amri (Command Prompt au Terminal) uandike ping 192.168.1.1, au anwani iliyo kwenye kibandiko chini ya ruta. Amri ya ping hupima muda wa ujumbe kwenda na kurudi, na hapo ni hadi kwenye ruta yako. Kisha ping 8.8.8.8, seva ya Google iliyo nje ya nyumba. Ya kwanza isipozidi milisekunde chache na ya pili inarukaruka au kupotea, tatizo limeshatoka mlangoni kwako.

Hatua ya 3. Waifai. Kwanza toa ruta nyuma ya televisheni au ndani ya kabati. Mabati na friji huzuia mawimbi, ukuta wa mawe huyadhoofisha. Kisha tazama masafa: waifai ya ruta nyingi hutumia 2.4 GHz au 5 GHz. Kwenye 2.4 GHz ni chaneli tatu tu zisizoingiliana, 1, 6 na 11, na kwenye ploti za Kondele au Nyalenda, Kisumu, ruta za majirani wote zinagombania hizo. Oveni ya maikrowevu nayo iko hapo hapo. Ukipasha chakula wakati wa mapumziko usishangae wachambuzi wakiganda. Hamisha televisheni kwenye 5 GHz. Ruta nyingi huyapa masafa yote mawili jina moja. Ingia kwenye mipangilio uyatenganishe ili ujue uko wapi. Ila 5 GHz huchoka haraka ikikutana na kuta. Chumba kikiwa nyuma ya kuta mbili za mawe, acha ule waya.

Hatua ya 4. Laini. Kwa wenye faiba, taa ya LOS (ishara ya faiba imepotea) kwenye kifaa ikiwa nyekundu, kuzima na kuwasha kwa kawaida hakusaidii: mara nyingi faiba imekatika au imekunjwa mahali. Piga simu, uwatajie matokeo ya waya na ping. Ukishayataja, hawana haja ya kukuambia uwashe ruta upya.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Migosi, Kisumu: Fundi, jirani hushangilia bao kabla sijaliona. Mtandao wangu ni mbovu?

Jibu: La, ndugu yangu. Matangazo ya intaneti hukatwa vipande vya sekunde kadhaa kabla ya kutumwa, kwa hiyo kuchelewa nusu dakika ni kawaida hata kwa laini nzuri. Jirani labda anatumia antena au dishi. Weka simu mbali, hasa kundi la WhatsApp.

Mwanachama wa Free Area, Nakuru: Natumia ruta ya laini ya simu. Somo hili linanihusu?

Jibu: Linakuhusu, ila anza kwa kuiweka dirishani upande wa mnara. Jioni mnara hujaa watu, na hilo hakuna waya utakaolitibu. Shusha picha hadi 720p. Na uangalie bando: megabiti 5 kwa sekunde ni takriban GB 2.25 kwa saa.

Mwanachama wa Kakamega: Nimeambiwa nibadilishe DNS picha zitaacha kukwama.

Jibu: DNS ni huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya seva, na kazi hiyo hufanyika mwanzoni. Kama mechi inafunguka kisha inakwama katikati, karibu kila mara kosa si lake.

Mwanachama wa Kakamega: Na ngurumo za jioni huku kwetu?

Jibu: Faiba ni kioo, haipitishi umeme. Adapta ya ruta ndiyo iko hatarini, na waya wa antena. Mawingu yakianza kuguruma, chomoa vyote viwili.