Kushika upana wa reli, nilivyofundishwa kwenye gengi

Njia ya zamani ya Reli ya Kati ina upana wa milimita 1,000, unaopimwa kati ya nyuso za ndani za vichwa vya reli. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ni 1,067, kwa hiyo usiazime kipimo cha jirani.

Kwanza weka watu wa bendera nyekundu pande zote mbili. Kisha chagua reli moja iwe mama. Kwenye kona, ile ya nje. Inyooshe, ikaze kwenye mataruma (vipande vya mbao au chuma vinavyolala chini ya reli), usiiguse tena. Ya pili ndiyo inayosogezwa: laza fimbo ya geji (kipimo chenye urefu wa upana wa njia) iikate reli kwa pembe mraba (ikikaa mshazari itakudanganya), sukuma reli kwa mtaimbo mpaka iguse, kaza vibano fimbo ikiwa bado imelala. Mimi hupima kila taruma la tatu. Kwenye viungo, kila moja.

Taruma la mbao likilegea tundu, kurudishia msumari uleule ni kazi bure. Ziba kwa kigingi cha mti mgumu, toboa upya.

Mwisho kokoto. Shindilia chini ya mataruma, penye reli zote mbili, jaza mpaka kwenye ncha za mataruma. Hapo ndipo vijana hutegea kazi, halafu jua la Dodoma likipasha chuma, njia nzima inapinda.