Etajeri ya butike katika nyumba ya mbao: somo kwa mafundi na wenye maduka wa Goma

Etajeri, yaani rafu ya kupangia bidhaa, ikianguka, watu hulaumu ubao. Ukiinama kuangalia, ubao ni mzima. Kilichotoka ni msumari ukutani. Kuta za mbao za Goma ziliwekwa kuzuia upepo na mvua. Hazikuwekwa kubeba sukari. Kwa hiyo etajeri ya somo hili inasimama kwa miguu yake, mzigo unashuka sakafuni, na ukuta una kazi moja tu: kuizuia isipinduke mbele.

Pima mzigo kabla ya ubao

Bidoni ya mafuta ya lita 20 ina kilo 18 na zaidi kidogo. Katoni ya maji, chupa 12 za lita moja na nusu, ni kilo 18 pia. Mchele wa mfuko mdogo ni kilo 25, sukari ya gunia ni 50. Jumlisha kile utakachopanga kwenye ngazi moja, halafu amua miguu ikae mbali kiasi gani. Kwa mzigo uleule wa kila mita, ukiongeza mwanya kati ya miguu mara mbili, ubao hauzidi kupinda mara mbili: unapinda mara 16. Ndiyo maana kuongeza mguu mmoja katikati kunasaidia kuliko kununua ubao wa bei kali. Kwa ubao wa unene wa sentimita 2.5 na mizigo ya butike, usipite sentimita 80.

Vifaa

Vipimo: urefu sentimita 160, kimo 180, ngazi nne.

- Shevroni (mbao nene za miguu na nguzo) 5 za sentimita 5 kwa 7, za mita 4
- Planshi (mbao pana za kupangia mzigo) 4 za upana wa 20, unene 2.5, mita 4
- Lati (mbao nyembamba za kukaza nyuma) 2 za mita 2
- Misumari ya sentimita 10 na ya 6, kama 50 kila aina, na michache ya akiba
- Vyuma 3 vya kona vya kufungia juu

Mbao za mti wa libuyu ni nzuri kama mfuko unaruhusu. Mkaratusi unatosha, ila ununue uliokauka. Mbichi ni mzito, unatoa maji ukiupigilia msumari, na baada ya wiki chache unajikunja na kupasuka kwenye ncha. Inua kila planshi usawa wa jicho, uangalie ukingo wake kama unavyoangalia mtutu wa bunduki. Iliyojipinda kama parapela ya helikopta iache hapohapo, hata muuzaji akipunguza bei.

Kukata na kuunga

1. Kata miguu 6 ya sentimita 180 kutoka shevroni tatu. Vipande vitatu vya karibu 40 vinavyobaki usichome: vikate katikati, upate vitako sita vya kuweka chini ya miguu. Sakafu ya mbao hutobolewa na mguu mwembamba wenye mzigo.

2. Kutoka shevroni mbili zilizobaki kata vibebeo 12 vya sentimita 51, vile vinavyounga mguu wa mbele na wa nyuma na kubeba planshi.

3. Laza miguu yote sita pamoja, ncha zikiwa sawa, upige alama za vibebeo kwa mara moja: 15, 65, 105 na 145 kutoka chini. Ukipima mguu mmojammoja, ngazi zitakwenda upande.

4. Kwenye kila alama chonga mfuo wa kina cha sentimita 1 katika upande wa sentimita 5 wa mguu, kibebeo kikae ndani kikiwa kimesimama kwa ubavu, yaani kimo chake ni 7. Hapa ndipo mafundi wengi wanaruka hatua. Bila mfuo, mzigo wote unaning'inia kwenye misumari, na msumari ndani ya mkaratusi unaokauka unalegea kila mwezi. Ukiwa na mfuo, mti unakalia mti. Msumari unashikilia tu. Piga misumari miwili ya 10 kila upande, isikae kwenye mstari mmoja wa nyuzi za mti. Kama huna keekee ya kutobolea, ponda kidogo ncha ya msumari kwa nyundo: ncha butu inakata nyuzi, ncha kali inazipasua.

5. Sasa una fremu tatu, kila moja na nafasi ya 41 kati ya mguu wa mbele na wa nyuma. Kata planshi vipande 8 vya 160, viwili kila ngazi, ukiacha sentimita 1 katikati ili hewa ipite. Anza kupigilia ngazi ya chini, halafu ya juu, kisha za katikati.

6. Kabla ya lati, pima mshazari wa kila chumba cha nyuma, yaani nafasi kati ya mguu na mguu, kutoka kona hadi kona. Mishazari miwili ikilingana, kona zote ni mraba. Piga lati moja kila chumba, zikutane juu kwenye mguu wa kati. Bila lati hizi, etajeri itayumba kushoto na kulia hata ungeongeza misumari mia.

7. Vipande vya planshi vilivyobaki vya 80 vipasue kuwa fito za upana wa 4, uzipigilie mbele ya miguu, juu kidogo ya kila ngazi. Zinazuia chupa kuteleza.

Isimamishe sentimita 4 mbali na ukuta. Funga vyuma vya kona kwenye shevroni za nyumba, usivifunge kwenye mbao za ukuta. Shevroni utazijua kwa mistari ya misumari iliyopangana wima.

Maswali ya washiriki

*Mama wa butike, Ndosho: Fundi, mimi nyumba yangu ni ya mawe ya volkano. Nifunge wapi?*

Mama, toboa jiwe lenyewe, usitoboe simenti iliyo kati ya mawe, ile inabomoka. Jiwe hilo ni gumu, linataka mashine inayopiga huku inazunguka. Ingia sentimita 6, puliza vumbi lote nje, ndipo uingize shevili, ile plagi ya kushikia skrubu. Shevili haishiki vizuri katika vumbi.

*Papa wa duka la dawa, Katindo: Ardhi ikitikisika je?*

Wengi wanakumbuka siku zilizofuata tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, ardhi ikaendelea kutikisika. Papa, weka vizito chini kabisa, chupa za maji ya dawa ziwe chini ya kiuno, na juu ubakishe pamba na maboksi mepesi. Fito za mbele uzipandishe kutoka upana wa 4 hadi 8. Kwa chupa ndogo, trei yenye ukingo ni bora kuliko ubao mtupu.

*Fundi wa pikipiki, Majengo: Injini nzima ninaweza kuweka?*

Ndiyo, kwenye ngazi ya chini tu, na hapo uongeze fremu, mwanya uwe 50. Mafuta ya injini yanaingia ndani ya mbao na kuvuta vumbi, tandika bati. Kama una injini zaidi ya tatu, achana na mbao, nenda kwa mchomeleaji akufanyie ya chuma cha kona cha milimita 40 kwa 40.

*Ubao wa unga wa mti, ule wenye ngozi nyeupe, unafaa? (Himbi)*

Kwa nguo na vitabu, ndani, mwanya usizidi 60. Karibu na maji unavimba kwenye kingo na haurudi tena. Kingo zilizokatwa zipakwe rangi ya mafuta kabla ya kufunga, hata zile zisizoonekana, hasa hizo.

*Unga wa mihogo unashika ukungu ngazi ya chini. Kosa ni wapi? (Birere)*

Je, magunia yanagusa ukuta? Yavute mbele. Na angalia ule mwanya wa sentimita 1 kati ya planshi. Kama uliuziba kwa katoni, itoe.