Somo: Saa za zamani zilizoandikwa "Antimagnetic", tazama ndani kabla hujatoa pesa

Msimu wa korosho uliopita nilinunua saa ya mkono pale Mikindani, kwa mzee aliyeivaa tangu enzi za kazi yake kwenye shamba la mkonge. Usoni ina mistari mitatu ya maandishi membamba: "17 Jewels", "Incabloc", "Antimagnetic". Mzee hakunificha. "Mwanangu, hii inakimbia," akasema. Kweli, kwa siku moja ilikuwa inatangulia dakika kumi na nne. Fundi wa kwanza niliyempelekea alisema springi imekufa, akataka kutoa mashine yote aweke ya betri. Nilikataa, nikaichukua saa yangu. Leo ipo mkononi, na kwa wiki nzima haijavuka dakika mbili. Haikubadilishwa hata skrubu. Ilikuwa imeingiwa na sumaku tu, na imeandikwa usoni kwamba haiingiwi.

Nimeona wenzetu wengi wa Mtwara na Lindi wananunua kwa kusoma hilo neno, kwa hiyo nawaandikia ninavyofanya mimi.

Hatua ya 1: Jua neno linaahidi nini

Ndani ya saa ya kutia ufunguo kuna springi nyembamba kama unywele, imejiviringa, inajikunja na kujikunjua pamoja na gurudumu dogo linalokwenda mbele na nyuma. Sumaku ikiingia, viringo vyake vinagandana. Springi inakuwa kama imekatwa ikawa fupi, gurudumu linapiga harakaharaka, saa inakimbia. Ikizidi sana, saa inasimama kabisa.

Watengenezaji walipambana na hili kwa njia mbili, na hapa ndipo wanunuzi wanapochanganya. Njia ya kwanza ni kubadilisha madini ya springi. Charles-Édouard Guillaume, Mswisi aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1920, alifungua mlango kwa michanganyiko yake ya chuma na nikeli. Miaka ya 1930 zikaja springi za Nivarox, ambazo hazishiki sumaku kirahisi kama zile za feleji tupu. Tissot waliuza saa ya mkono isiyoshika sumaku kirahisi tangu 1930. Karibu kila saa ya kawaida utakayoikuta na neno "Antimagnetic" ni ya kundi hili. Kumbuka nimesema hazishiki kirahisi, sikusema hazishiki. Kipimo cha kimataifa cha leo, ISO 764, kinataka saa ivumilie sumaku yenye nguvu ya ampea 4,800 kwa mita, yaani gausi 60 hivi. Sumaku ya spika ukiigusisha na saa inapita hapo bila shida.

Njia ya pili ni ngao. Mashine nzima inafunikwa kwa kikombe cha chuma laini: mfuniko wa ndani nyuma, pete pembeni, na uso wa saa wenyewe nao ni chuma. Chuma laini hupitisha nguvu ya sumaku pembeni, ikaizunguka mashine badala ya kuipenya. IWC walifanya hivyo kwenye Mark XI ya marubani wa Uingereza mwaka 1948, kisha Ingenieur mwaka 1955. Rolex wakaja na Milgauss mwaka 1956, Omega na Railmaster mwaka 1957. Hizi tatu za mwisho zilitengenezwa kwa ajili ya wahandisi, watu wa maabara na wafanyakazi wa reli, na zilivumilia kama gausi 1,000. Ndiyo maana ni nene, na mgongo wake hauna kioo.

Reli yetu ya Mtwara hadi Nachingwea iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa hiyo usingoje mjukuu wa mtu wa reli akuletee Railmaster. Utakachokuta huku ni kundi la kwanza, na mimi nalipenda kwa moyo wote. Ni saa za walimu, makarani wa bandari, manesi. Zilifanya kazi.

Hatua ya 2: Nenda na dira

Dira ndogo ya skauti inatosha. Usitumie ya kwenye simu, maana simu yenyewe ina sumaku ya spika ndani na utaiharibu saa ukiwa unaipima.

Weka dira mezani, itulie. Sogeza saa inayotembea taratibu kutoka mashariki ya dira hadi karibu igusane nayo, kisha uangalie sindano kwa makini. Ikicheza, ikitetemeka kwa mapigo yaleyale ya saa, springi ya unywele imeshika sumaku. Siku ile nilipoweka ile ya Mikindani, sindano ilikuwa inatikisika kama mkia wa mjusi. Nilifurahi sana, kwa sababu ugonjwa huo unatibika kwa sekunde kumi.

Ikivutwa tu bila kutetemeka, zungusha saa. Kuna kipande ndani kimekuwa sumaku kama upande mmoja unaivuta ncha ya kaskazini na upande mwingine unaisukuma. Lakini kama ncha zote mbili zinavutwa sawasawa, hiyo ni feleji au chuma cha kawaida, hakina sumaku yake. Saa yenye ngao huvuta hivyo hata ikiwa nzima kabisa. Usimkatalie muuzaji kwa sababu hiyo.

Hatua ya 3: Omba ifunguliwe

Muuzaji akikataa saa isifunguliwe mbele ya fundi, mimi naaga. Pwani yetu ina chumvi hewani, na chumvi haichagui. Tazama kijiti kinachotoka kwenye kifundo cha ufunguo kuingia ndani. Kutu huanzia hapo, rangi ya udongo mwekundu kuzunguka vigurudumu vya ufunguo. Kutu kidogo juu ya skrubu inavumilika. Kutu kwenye meno ya magurudumu maana yake ni kununua mashine nyingine.

Tazama pia kama jina lililo usoni lipo na kwenye mashine, na kama mashine imekaa sawa kwenye kasha lake bila karatasi wala plastiki ya kuibana. Saa za kuungaunga ni nyingi.

Hatua ya 4: Toa sumaku

Kifaa chake ni boksi dogo la umeme lenye kitufe, mafundi wengi wanalo. Weka saa juu, bonyeza kitufe usiachie, kisha inyanyue saa polepole moja kwa moja hadi urefu wa mkono wako. Ikishafika mbali ndipo unaachia kitufe. Ukiachia saa ikiwa bado juu ya boksi, unaweza kuirudishia sumaku zaidi ya iliyokuwa nayo. Rudia dira. Ikiwa saa ina ngao, fundi avue kwanza mfuniko wa ndani, la sivyo ngao itaikinga mashine dhidi ya dawa yenyewe.

Hatua ya 5: Ihifadhi

Kopo lenye mfuniko, ndani uweke vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Mbali na spika, mbali na pochi za kufungwa kwa sumaku. Sentimita kumi na tano zinatosha, nguvu ya sumaku hupungua haraka sana.

MASWALI YA WANACHAMA

Masasi: Kaka, saa yangu ilikuwa nzima miaka yote, tangu niwe nalala nayo juu ya simu inakimbia. Ni simu kweli?

Jibu: Karibu hakika, ndugu yangu. Hasa kama simu ina kava la kufungwa kwa sumaku. Pima kwa dira kabla hujamlipa mtu kufungua.

Lindi mjini: Kuna kijana ananiuzia Milgauss ya zamani, yenye mshale wa sekunde wenye umbo la radi, laki tatu. Anasema ni ya marehemu baba yake.

Jibu: Mdogo wangu, usinunue. Milgauss za kwanza zenye mshale huo zilitengenezwa chache, na leo zinauzwa mnadani kwa pesa ya kujenga mtaa mzima. Hata wakubwa wanadanganywa: Omega Speedmaster iliyouzwa mwaka 2021 kwa zaidi ya faranga milioni 3 za Uswisi, mwaka 2023 Omega wenyewe walisema imeunganishwa kwa vipande vya saa mbalimbali. Ukitaka kuhakikisha, omba mgongo ufunguliwe uone kama kuna mfuniko wa pili wa chuma. Sidhani ataruhusu.

Newala: Shikamoo mwalimu. Ya kwangu ina namba zilizokuwa ziking'aa gizani, sasa zimekuwa kahawia. Naweza kukwangua nipake rangi mpya?

Jibu: Marahaba mwanangu. Usikwangue hata kidogo. Hadi miaka ya 1960 walitumia rediamu. Mng'aro umekufa kwa sababu rangi imechoka, lakini rediamu yenyewe nusu yake huisha baada ya miaka 1,600, na vumbi lake likiingia kifuani ni hatari. Usiifungue nyumbani, mwambie na fundi. Ukiona herufi T pande mbili za neno Swiss chini ya namba sita, hiyo ni tritiamu, iliyo nafuu zaidi, lakini nayo iache kama ilivyo.

Nachingwea: Mume wangu alifariki mwaka juzi, ameniachia saa yake ya "Antimagnetic". Kasha limechubuka. Nataka ing'arishwe wanangu waione mpya. Na je, naweza kuivaa nikitawadha?

Jibu: Pole sana dada, Mungu amrehemu. Kutawadha ivue, raba za zamani zimekauka na maji yatapita. Kung'arisha ni uamuzi wako, ila mashine ya kung'arishia inakula pembe za kasha na hazirudi tena. Mimi ningeisafisha mashine, nibadilishe kioo peke yake. Michubuko iliyo upande wa kushoto, karibu na kamba, huenda ni pale mkono wake ulipokuwa unagusa meza kila siku.