Moto wa kijijini hauna haidranti: namna ya kuvuta maji bwawani na kuyafikisha kwenye tukio

Wakuu, nilijitolea zimamoto vijijini Pennsylvania, na wengi nikiwaambia hawaamini, ila Marekani zaidi ya nusu ya wazimamoto ni wa kujitolea, huyu fundi magari, yule anafuga ng'ombe wa maziwa, peja (kifaa kidogo cha kupokea mwito wa dharura) ikilia kila mtu anaacha shughuli yake anakimbilia stesheni. Hela ya kununua vifaa mara nyingi inatoka kwenye kuuza kuku wa kuchoma wikiendi, sitanii. Watu wanapenda picha ya jamaa kashika hozi mlangoni, lakini huko porini moto unazimwa na aliyepanga maji.

Piga hesabu kwanza. Gari la mbele, lile linalozima moto wenyewe, linabeba kama lita 3,800 na hozi moja ya kuingia nayo ndani inakula lita 570 hivi kwa dakika, yaani hata dakika saba hazifiki umekauka, na haidranti, lile bomba la zimamoto la barabarani mjini, halipo. Kwa hiyo lile gari likianza tu kumwaga maji, mtu mwingine awe tayari anashughulikia bwawa au mto.

Kuvuta maji hapo sasa ndo patamu. Unatumia mpira mgumu wa kunyonyea, sio hozi laini, ile laini inajibana tu. Pampu haivuti maji kwa nguvu zake, inatoa hewa ndani ya mpira halafu hewa ya nje ndo inayasukuma maji yapande, kama soda kwenye mrija. Ndo maana kuna kikomo: kwenye usawa wa bahari hata pampu ya kimiujiza haivuki kama mita 10 kwenda juu, na kikazi usitegemee zaidi ya mita 6, ukiwa nyanda za juu inapungua tena karibu mita moja kwa kila mita 1,000 unazopanda (wenye mashamba Njombe na Limuru mkiona pampu ya umwagiliaji inagoma, msianze na kumlaumu fundi). Sogeza gari karibu na maji kadiri ardhi inavyoruhusu, ila angalia ukingo usije ukalizamisha.

Kagua washa (ringi za mpira za kuzuia hewa) kwenye kila maungio, chembe moja ya mchanga inatosha kuingiza hewa na hupati kitu. Mpira uwe unapanda moja kwa moja mpaka kwenye pampu, usiupitishe juu ya ukuta au kizuizi cha barabara ukaweka nundu, hewa itajificha pale. Chujio likae kama sentimita 60 chini ya maji na lisiguse tope, lifunge kamba, na kama kijito ni cha kina kifupi litumbukize ndani ya ndoo au lilaze juu ya koleo. Washa praima (kipampu kidogo cha kutoa hewa), nusu dakika ikipita bila maji zima, tafuta hewa inapoingilia, usiendelee kuilazimisha. Ukiona maji juu ya chujio yanazunguka kama kishimo ujue pampu inakunywa hewa, wazee wa kule walikuwa wanatupia mpira wa watoto au kipande cha ubao pale pale juu yake, kishimo kinakufa. Nilicheka nilipoona mara ya kwanza, mpaka geji ilipotulia.

Bwawa likiwa mbali ni kazi ya maboza. Mnakunjua tenki la turubai barabarani, la lita 8,000 hivi, boza linamwaga humo kwa kishindo na kuondoka, gari la mbele linanyonya kutoka tenkini. Liweke sehemu ambayo boza halihitaji kurudi rivasi, rivasi inakula muda na inagonga watu. Tuseme boza lina lita 7,500, kwenda na kurudi dakika 10, kujaza 3, kumwaga 2, jumla 15, basi linakupa lita 500 kwa dakika, hata hozi moja halitoshelezi! Maboza matatu ndo yanakupa 1,500. Ukitaka kuongeza usimwambie dereva akimbize, boza lililojaa nusu maji yanacheza ndani na linapinduka konani, punguza muda wa kujaza na kumwaga, huko ndo dakika zinapatikana.

Winta tulikuwa tunatoboa barafu kwa msumeno wa injini halafu pampu isizimwe, maji yazunguke muda wote yasigande. Bora zaidi ni kuongea na mwenye bwawa mapema, mchimbie bomba la plastiki la inchi 6 kutoka chini ya maji mpaka kando ya barabara, chini ya kina ambacho ardhi inaganda, gari likija linaunga tu na kuvuta. Kila mwaka sukuma maji kinyume kusafisha chujio la kule chini, kata majani kwenye mdomo wake, na mfunge mfuniko vizuri maana vyura wanapenda kuingia.