Namna ya kuingia kwenye mazungumzo ya barazani, hatua kwa hatua

Ukihamia Mji Mkongwe wa Unguja, au mitaa ya zamani ya Lamu na Mombasa, chumba utakipata kwa dalali. Mtaa wenyewe utaupata barazani. Nani kafiwa, maji yatatoka lini, boti ya Pemba imeahirishwa, fundi gani mwaminifu: yote hayo hupita pale kwanza. Mimi nimekaa barazani tangu ujana, na wageni wanaohamia mtaani kwetu huniuliza waanzeje. Utaratibu ninaowapa ni huu.

1. Lijue baraza kabla hujakaa

Baraza asili yake ni lile benchi la mawe na chokaa linalopita mbele ya nyumba, mahali mwenye nyumba alipowapokea wageni wa kiume bila kuwapitisha ndani. Siku hizi hata kijiwe cha chini ya mwembe au mbele ya duka ni baraza. Kila moja lina saa zake na watu wake. Asubuhi na mapema utakuta wavuvi na wachukuzi, baada ya alasiri wazee, baada ya isha vijana na michezo yao ya dhumna na keram.

Tazama pia rangi ya siasa. Kwetu Unguja, Jaws Corner ya Mji Mkongwe ni maarufu kwa kahawa na kwa mjadala mkali, na Maskani ya Kisonge pale Michenzani, yaani kijiwe cha wafuasi wa chama, inajulikana kuwa ya CCM. Maskani ya chama na baraza la mtaa ni vitu viwili, na anayevichanganya huingia ugomvi usio wake. Chagua baraza moja la karibu na kwako, uende saa ile ile kila siku. Kuonekana ndiko kunakokutambulisha.

2. Salamu, mahali, kahawa

Toa salamu kwa wote kwa sauti inayosikika, kisha shikamoo kwa wazee. Ukikuta mtu katikati ya kisa, salamu moja fupi inatosha, kaa. Usikimbilie penye kivuli au penye kuegemea. Hapo pana mwenyewe, hata kama hajafika. Subiri uambiwe "sogea hapa".

Muuza kahawa akipita na dele lake, birika la kahawa, juu ya makaa, chukua kikombe na kashata. Kumlipia aliye pembeni yako ni uungwana. Kulipia baraza zima siku ya kwanza ni kujionyesha, na watu watajiuliza unataka nini.

3. Sikiliza mpaka uwajue

Siku za mwanzo kazi yako ni masikio. Jua nani hutegemewa kwa mambo ya bahari, nani kwa fiqhi (sheria za dini), nani kwa mpira, na nani neno lake likitoka ubishi huisha. Jua na watani. Wale wawili wanaotukanana kila jioni huenda walisoma chuo kimoja cha Kurani utotoni. Utani wao ni wao, usiuingilie mpaka wakutanie wewe.

4. Ingia kwa ulichokiona, au kwa swali

Hapa ndipo wengi hukwama. Mazungumzo ya barazani hayana ajenda. Yanaanzia bei ya pweza, yanahamia upepo wa kusi, kutoka hapo boti, na ghafla mnazungumza Simba na Yanga. Usihangaike kuyarudisha nyuma kwa sababu ulikuwa na neno zuri la kusema juu ya pweza. Likipita limepita, litarudi kesho.

Tuseme mzee amesema, "Pweza wiki hii haonekani, na akionekana anakwenda hotelini." Mgeni akijibu, "Ndiyo kanuni ya soko, bidhaa ikipungua bei hupanda," kila mtu atatazama kikombe chake. Hajakosea, ila amefunga mlango. Hakuna wa kuongeza kitu.

Jaribu hivi: "Kweli mzee wangu, jana nimepita Darajani sikumwona hata mmoja. Hivi bamvua ikirudi atapatikana?" Umeleta ushahidi wa macho yako, na umempa mwenzako nafasi ya kufundisha. Mzee atakwambia kwamba bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, hukausha miamba, ndipo wanawake wanaposhuka na vijiti kumtafuta pweza, na kwamba maji mafu, yasiyopwa sana, hayamfai mtu. Mwingine atadakia habari za vijiji vinavyofunga miamba yao kwa miezi kadhaa ili pweza akue. Swali moja limewasha baraza, na wewe umo ndani.

Ukiwa na habari ya kuleta, sema umeipata wapi. "Nimesikia" na "nimeona" hazina uzito mmoja pale, na anayezichanganya mara mbili tatu hasikilizwi tena.

5. Pinga, lakini mkae tena kesho

Kupingana kunaruhusiwa, tena ndiyo ladha ya baraza. Subiri mwenzako amalize. Ikibidi kuingia kati, tanguliza "sikukati kauli, sheikh". Pinga habari, mwache mtu na heshima yake: "Hiyo wewe umeipata kwa nani?" inasikilizika kuliko "mwongo huyo".

Chukua suala la mwandamo wa mwezi. Wapo wanaongoja tangazo la Mufti, wapo wanaofuata habari za Saudia, na baraza moja linaweza kuwa na watu wa Idi mbili. Wenye busara husema "sisi kwetu tunakula Idi kesho", wanapeana mkono siku zote mbili, na hoja za fiqhi wanawaachia wenye vitabu.

Siasa inataka uangalifu zaidi. Baada ya uchaguzi wa vyama vingi wa 1995, Unguja na Pemba zilipita kipindi ambacho watu waligawanyika hata kwenye maziko na maduka, na mabaraza yaligawanyika vilevile. Ulikuja Muafaka wa 2001 kati ya CCM na CUF, kisha maridhiano ya 2009, na kura ya maoni ya Julai 2010 iliyofungua njia ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Mzee anayegeuza mazungumzo yakianza kuchemka anakumbuka miaka ile. Akikugeuzia, mfuate.

Mambo ya nyumba ya mtu na deni la mtu hayasemwi, awepo asiwepo. Simu iache mfukoni mwenzako anapozungumza, na kurekodi maneno ya barazani ni kuvunja amana.

6. Kwa dada zetu

Mabaraza ya nje mengi ni ya wanaume. Wanawake wana mikutano yao uani, ukumbini, na penye kusuka ukili wa mikeka. Utaratibu ni ule ule, na nyongeza moja: shika kazi mkononi. Anayesuka na wenzake hahitaji kutafuta la kusema.

7. Kuondoka na kurudi

Usiseme neno lako ukainuka papo hapo, ngoja ujibiwe. Kisha, "Jamani, mie nawaacha." Ukisafiri, mwambie mmoja wao, la sivyo watatuma mtu kuulizia. Na mwenzenu wa baraza akifiwa, mtafute aliyekukalisha siku ya kwanza, mfuatane mazikoni, na mchango wako umpe yeye aufikishe pamoja na wa wengine.