Krimu ya Imikwimodi kwa Saratani ya Ngozi: Nilivyoipaka, na Ninavyojichunguza

Doa la begani kwangu lilikuwa saratani ya seli za msingi, ile ya juujuu. Kipimo cha kipande kidogo cha ngozi kilichokatwa pale kilithibitisha. Usipake krimu hii kwenye kidonda kisichopimwa.

Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki 6, kabla ya kulala: osha, kausha, paka doa pamoja na sentimita moja kulizunguka, sugua mpaka krimu ipotee. Usizibe kwa plasta. Nawa mikono. Asubuhi osha kwa sabuni.

Wiki ya tatu bega liliwaka moto, likatoa maji na magaga. Nililia, nikidhani nimeungua, kumbe ni kinga ya mwili iliyoamshwa na krimu. Daktari aliniruhusu kupumzika siku tatu, kisha nikaendelea.

Jambo zito ni la baadaye. Katika utafiti mmoja wa Uingereza, baada ya miaka 5 krimu ilifaulu kwa asilimia 82.5, upasuaji 97.7. Nilijua hilo, nikachagua krimu kwa kuogopa kovu. Wengi ambao krimu haikuwafaa walionekana mwaka wa kwanza, basi mwaka huo usikose kliniki hata mara moja. Mimi hadi leo, kila mwisho wa mwezi, husimama dirishani nikapapasa pale, na mume wangu hupiga picha tulinganishe.