Kutoka pipi za Entebbe hadi kwa tajiri wa unga: namna ya kujenga kesi ya genge

Abiria anayekamatwa uwanja wa ndege wa Entebbe, Uganda, na pipi za unga tumboni (vifurushi vya dawa za kulevya alivyomeza) huwa kesi nyepesi. Kazi ni kumpata aliyemtuma, na huanza saa ileile.

Anza na mzani. Pima pipi pamoja na plastiki zake, kisha mkemia wa serikali kule Wandegeya apime unga mtupu. Hati ionyeshe vipimo vyote viwili. Pipi 80 za gramu 12 ni gramu 960. Maabara ikiandika 800 bila maelezo, wakili wa utetezi atauliza gramu 160 zimeliwa na nani, na hapo umeshachelewa kujibu. Bangi mbichi ndiyo balaa zaidi, maana hukaukia stoo. Lakiri ifungwe mbele ya mtuhumiwa, na kila anayepokea bahasha aandike jina, tarehe na saa.

Simu ikatwe mtandao mara moja. Mwenzake aliye nje anaweza kuifuta akiwa mbali. Usiifungue “kutazama kidogo”.

Genge lina vigezo vyake. Mkataba wa Palermo wa mwaka 2000, wa Umoja wa Mataifa dhidi ya uhalifu wa magenge, unataka watu 3 au zaidi, kundi lililodumu kwa muda, linalotenda kwa pamoja makosa mazito ili lipate faida. Kila kigezo kitafutie ushahidi: nani alilipia tiketi, nani alipiga simu kabla ya safari, safari zilizopita zilikuwa ngapi. Punda, yaani mbeba unga, kumtaja tu bosi hakutoshi.

Mkataba wa Vienna wa 1988, wa Umoja wa Mataifa dhidi ya biashara ya dawa za kulevya, unaruhusu mzigo uendelee na safari chini ya uangalizi, hata unga ukibadilishwa wote au sehemu, nchi husika zikikubaliana. Ukiita kamera za waandishi wa habari siku ya kwanza, tajiri ameshajua.

Ndani ya saa 48 mtuhumiwa awe mahakamani. Ndivyo Katiba ya Uganda isemavyo, ibara ya 23. Hati ya mashtaka itaje sheria iliyokuwa hai siku ya kosa: Mei 2023 Mahakama ya Katiba ilibatilisha sheria ya dawa za kulevya kwa kasoro ya akidi (idadi ya wabunge inayotakiwa ili kupitisha sheria), na Bunge likaipitisha upya Agosti.

Mali usiisubirishe hukumu. Shirikisha mapema Mamlaka ya Upelelezi wa Fedha, omba amri ya zuio, na weka kaveati (zuio la kuhamisha umiliki) kwenye hati za ardhi. Nyumba haikimbii, lakini kuhamishiwa jina la shemeji ni kazi ya siku chache.